SAFARI YA JANGWANI PAMOJA NA WAZEE WETU

Ndugu wasomaji, neno "safari" tunalolitumia kila siku tumelipata katika lugha ya Kiarabu, na wanavyuoni wengi wametaja kwamba asili yake ina maana ya kufunua. Safari imeitwa hivyo kwa kuwa humfunua mtu. Nyumbani mtu aweza kuficha haraka yake, uchoyo wake na hasira zake, kwani ana chumba cha kuingia na mlango wa kufunga. Lakini ndani ya motokaa moja, kwa siku nane mfululizo, hapana mahali pa kuficha kitu.

Sisi tulikuwa tukijidhania kuwa ni watoto wema kwa wazazi wetu. Tulikuwa tumekwisha kaa Marekani, karibu na mji wa Los Angeles, kwa zaidi ya miaka kumi. Kila mwezi tulipeleka fedha Mombasa, na kila Ijumaa tulipiga simu. Mwaka 2022 tukawaalika wazee waje kututembelea, nao wakaja. Baba alikuwa na umri wa miaka 79 na maradhi ya sukari. Mama alikuwa na miaka 71 na maumivu ya magoti. Mwezi wa Oktoba tukaazimia kuwachukua kwa njia ya nchi kavu mpaka Houston, katika jimbo la Texas, anakokaa dada yetu. Kwa barabara kuu iliyonyoka mwendo huo ni kama kilomita 2,500. Lakini sisi tulikusudia kupinda kaskazini kidogo, na jumla ikapita kilomita 3,000. Garini tulikuwa wanne: baba, mama, sisi, na mtoto wetu wa kiume mwenye miaka 11.

Yatupasa kusema kweli tangu mwanzo. Safari ile ilikuwa na nia mbili. Nia ya dhahiri ilikuwa kuwatembeza wazee na kuwaonyesha ajabu za Mwenyezi Mungu katika ardhi Yake. Nia ya siri ilikuwa kuwavuta ili wasirudi tena Mombasa. Tulikuwa tumekwisha waandalia chumba, na karatasi za serikali tulikuwa nazo mezani. Tulijiambia kwamba hospitali iko karibu, wajukuu wako karibu, na nyumbani wamebaki wawili tu. Twaeleza yaliyotokea, si kwa kujisifu, kwani hatuna la kujisifia, bali kwa kuwa twajua ziko nyumba nyingi za Waislamu leo ambazo watoto wako ng'ambo na wazee wako nyumbani, na mashauri haya haya yazungumzwa humo.

JANGWA LENYEWE

Mtu atokaye Los Angeles kwenda mashariki, baada ya saa chache huacha miti na majumba, akaingia katika jangwa la Sonora. Na mbele zaidi akaingia katika jangwa la Chihuahua. Majangwa haya mawili yote yaingia mpaka ndani ya nchi ya Meksiko. Msidhani kuwa ni mchanga mtupu kama tuonavyo katika picha za Arabuni. Sehemu kubwa ni changarawe na milima ya mawe makavu yenye rangi ya kutu, na baina yake vichaka vidogo vilivyoachana mbalimbali, kana kwamba kila kimoja chaogopa kumnyang'anya jirani yake maji.

Joto la nchi hiyo si la mchezo. Tulichagua mwezi wa Oktoba makusudi, kwa ajili ya wazee. Katika majira ya joto ya mwaka 2023, mwaka mmoja baada ya safari yetu, mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo ambazo joto lake lilifika au kupita nyuzi 43 za Selsiasi. Watu wa huko hushauri kwamba kila msafiri achukue maji yapata lita nne kwa siku, na gari likiharibika asiliache akaenda kwa miguu, kwani gari huonekana kwa mbali lakini mtu haonekani. Khasa wazee ndio wa kuangaliwa, kwa sababu mtu akizeeka kiu yake hupungua, na mwili waweza kukaukiwa na maji hali mwenyewe hahisi.

Katika Sala tuliona upole wa dini yetu. Tulifupisha Sala za rakaa nne zikawa mbili, tukaikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, kama ruhusa ya msafiri ilivyo. Mama alitawadha kwa maji ya chupa ndogo, akamwonyesha mjukuu wake namna ya kutofanya israfu, akamkumbusha kuwa imepokewa kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa maji ya mudi moja tu, nayo haifiki lita. Saa zetu zilitukoroga, kwa maana jimbo la Arizona halisogezi saa zake kiangazi kama majimbo mengine, na tulipoingia New Mexico saa moja ikaruka. Baba hakushughulika. Alisimamisha fimbo yake mchangani, akatazama kivuli, akasema: "Jua halina jimbo. Adhuhuri imeingia."

KABURI LA HAJI ALI

Kiasi cha kilomita 30 baada ya kuvuka mto Colorado na kuingia Arizona, pana mji mdogo uitwao Quartzsite. Sisi hatukukusudia kusimama hapo ila kwa petroli. Lakini mtoto wetu alikuwa amesoma habari za mji huo, akamwambia babu yake kwamba humo limo kaburi la mtu aliyeitwa Haji Ali. Baba aliposikia jina hilo akasema, "Simamisheni gari. Hatuwezi kumpita."

Habari za mtu huyo zinafaa kujulikana. Mwaka 1855 Baraza la Kutunga Sheria la Marekani lilitoa dola 30,000 ili jeshi linunue ngamia na kuwajaribu katika majangwa haya, mahali ambapo farasi na nyumbu walikuwa wakifa kwa kiu. Mei 1856 merikebu ilishusha ngamia 34 katika bandari ya Indianola, Texas. Mwaka uliofuata wakaletwa wengine. Pamoja na wanyama hao waliletwa watu kutoka nchi za Dola ya Uthmani wenye ujuzi wa kuwachunga, na mmoja wao alikuwa huyu Haji Ali. Wamarekani hawakuweza kulitamka jina lake. Wakaliponda likawa "Hi Jolly".

Mwaka 1857 Edward Beale, aliyepewa kazi ya kupima njia ya magari ya kukokotwa mpaka mto Colorado, alichukua ngamia 25 katika msafara wake, na ngamia hao walifanya kazi iliyowastaajabisha watu. Lakini mwaka 1861 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, na jaribio hilo likasahauliwa. Ngamia wakauzwa, na wengine wakaachiliwa jangwani. Haji Ali alibaki katika nchi ile akiongoza wanyama wa mizigo na kulitumikia jeshi. Mwaka 1880 alijiandikisha uraia kwa jina la Philip Tedro, akaoa Tucson, na mwisho akafa hapo Quartzsite Desemba 1902. Mwaka 1935 idara ya barabara ya Arizona ilimjengea juu ya kaburi lake piramidi ndogo ya mawe, na juu ya kilele chake umbo la ngamia.

Baba hakusema lolote juu ya lile jengo wala umbo lile, ijapokuwa twamjua kuwa hapendi mambo hayo makaburini. Alitoa salamu ya watu wa makaburi, akasimama kimya. Kisha akamwomba mjukuu wake amfasirie maandishi yaliyopo. Mtoto akasoma, akaeleza kuwa mtu huyo alizaliwa mahali fulani katika nchi ya Shamu, yapata mwaka 1828.

"Mahali fulani?" baba akauliza.

"Ndiyo, Babu. Ndivyo walivyoandika."

"Hawakuujua mji wake?"

"Hawakuujua."

Mtoto naye akauliza, kama waulizavyo watoto: "Babu, huyu nani humsomea Yasini?"

Hapana aliyemjibu. Sisi tulitaja, kwa kutaka kuonyesha ujuzi, kwamba alibadili jina, na haijulikani alikufa katika hali gani ya dini. Baba akatutazama akasema, "Jina la Haji si dogo. Ya moyoni mwake ni ya Mola wake. Sisi tumepita, tumesalimu, yatosha." Akarudi garini polepole. Kutoka hapo mpaka Phoenix, mwendo wa saa mbili, hakuzungumza.

PUMZI MOJA TU

Siku ya pili, baina ya Phoenix na Tucson, baba aliomba tusimame ili apate kwenda haja. Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi, kwa kuwa mwenye maradhi ya sukari huhitaji hivyo. Nasi tulikuwa tumekwisha kujipangia kwamba saa nane tuwe mahali fulani, na saa kumi mahali pengine, na mambo yote tulikuwa tumeyaandika katika karatasi. Hatukusema neno lolote baya. Tulivuta pumzi, tukaitoa kwa nguvu, tukapinda gari kando ya njia.

Baba alisikia. Alishuka, akaenda, akarudi, akasema, "Samahanini, wanangu." Tangu hapo hakuomba tena kusimama, na tukagundua baadaye kwamba alikuwa ameacha kunywa maji.

Ndugu wasomaji, sisi sote tumesomeshwa tangu utotoni kwamba katika Sura ya Bani Israili Mwenyezi Mungu ametuamrisha kumwabudu Yeye pekee, kisha papo hapo akataja wema kwa wazazi, na akatukataza hata kuwaambia "uff" wanapofikia uzee mikononi mwetu. Na wafasiri wamesema kwamba hiyo "uff" ndiyo sauti ndogo kabisa ya kuchukizwa. Sisi aya hiyo twaihifadhi. Lakini hatukujua kuwa tumeivunja mpaka jioni ya siku ile, mama alipomwomba mjukuu wake amrudishie mara ya tatu neno ambalo hakulisikia vizuri. Mtoto akavuta pumzi, akaitoa kwa nguvu. Ilikuwa ni pumzi yetu sisi ile ile, haikuzidi wala haikupungua.

Hatukuweza kumkemea. Usiku, katika nyumba ya wageni huko Tucson, tulikwenda chumbani kwa wazee, tukashika mikono yao, tukaomba radhi mbele ya mtoto. Mama alicheka, akasema hakuona kosa lolote. Baba hakucheka. Alisema, "Nimekusameheni. Na hiyo karatasi yenu ya saa, itupeni." Tukaitupa. Asubuhi baba alikunywa gilasi mbili za maji mbele yetu, nasi tukajua kuwa amesamehe kweli.

MTI MCHANGA NA MLEZI WAKE

Pande zote mbili za mji wa Tucson imehifadhiwa mimea iitwayo saguaro, ambayo ni ya jamii ya mpungate. Haioti kwa asili yake ila katika jangwa la Sonora. Husimama kama nguzo, hupata kufika mita 12 na zaidi, na umri wake waweza kufika miaka 150 au kupita. Lakini ukuaji wake ni wa taratibu mno: katika miaka yake minane ya mwanzo aweza kuwa na urefu wa sentimita chache tu, na tawi lake la kwanza mara nyingi halichipui mpaka apite miaka 50. Mvua inyeshapo hunywa maji na kuvimba mwili wake wenye mikunjo, kisha huyatumia kidogo kidogo wakati wa ukame.

Mlinzi wa hifadhi alituonyesha jambo moja. Saguaro mchanga hawezi kuishi peke yake juani. Huota chini ya mti mwingine, na mti huo humkinga na jua kali, na baridi ya usiku, na wanyama. Wataalamu wauita mti huo mlezi. Miaka mingi ipitapo saguaro humpita mlezi wake kwa urefu, na mizizi yake hushindana naye katika maji yale yale machache. Na mara nyingi mlezi hufa, saguaro akabaki amesimama peke yake.

Mama alisikiliza tafsiri ya maneno hayo, akasema, "Mti hauna akili, hauna lawama." Hakuendelea, wala hapakuwa na haja ya kuendelea.

NYAYO ZA KALE

Kutoka Tucson tulikwenda mashariki mpaka Las Cruces, katika jimbo la New Mexico, na toka hapo kiasi cha kilomita 80 na kidogo mpaka mahali paitwapo White Sands. Hapo pana vilima vya mchanga mweupe kama chumvi, vilivyoenea juu ya kilomita za mraba 700 na zaidi. Mchanga huo ni wa jasi, si kama mchanga wa kawaida. Na kwa kuwa jasi haishiki joto sana, mtu aweza kuutembea pekupeku hata wakati jua limepanda. Mama alivua viatu. Kwa mara ya kwanza tangu kuja Marekani tulimwona akitembea bila ya kulalamikia magoti. Alisema, "Hii ni pwani, bahari yake ndiyo iliyokwenda."

Naye hakukosea sana. Zamani palikuwapo ziwa kubwa katika bonde lile, na katika matope yake yaliyokauka wataalamu wamezikuta nyayo za watu wa kale. Mwaka 2020 walitangaza habari za msururu mmoja wa nyayo wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, wa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ni nyayo za mtu mmoja, mwanamke au kijana, aliyekuwa akienda kwa haraka katika matope huku amebeba mtoto mdogo. Wameyajua hayo kwa sababu mahali mahali zaonekana nyayo za mtoto, pale alipotuliwa chini ili mbebaji apumzike; kisha akabebwa tena. Mbebaji huyo alirudi kwa njia ile ile, lakini katika marejeo hapana nyayo za mtoto. Na baina ya kwenda na kurudi kwake wanyama wakubwa ambao sasa hawapo tena duniani walizikata njia zake.

Tuliwaeleza wazee habari hizo tukiwa tumekaa juu ya kilima. Sisi tulihuzunika kwa ajili ya yule mtoto asiyeonekana katika marejeo. Mama hakuhuzunika. Alisema, "Kwa nini mnadhani alikufa? Huenda alimpeleka kwa watu wake. Anayebebwa hupelekwa anakotakiwa kufika. Si kila abebwaye hurudi na mbebaji."

MSIKITI WA UDONGO

Toka hapo tulipinda kaskazini, mwendo wa siku nzima, mpaka Abiquiú. Hapo ndipo tulipokuwa tumeweka tumaini la ile nia yetu ya siri. Kwa maana Abiquiú upo msikiti uliojengwa kwa ramani ya Hassan Fathy, mhandisi wa Kimisri (1900–1989), aliyekuwa maarufu kwa kutetea ujenzi wa udongo kwa ajili ya maskini. Mwaka 1980 alikuja mwenyewe pamoja na mafundi wa Kinubi, wakafundisha namna ya kujenga matao na makuba kwa matofali mabichi pasipo kutegemeza kwa mbao. Nao watu wa nchi ile wana ujuzi wao wa zamani wa udongo: huko Taos, katika jimbo hilo hilo, wenyeji wa asili wangali wanakaa katika majumba ya udongo ya ghorofa yaliyojengwa tangu karne nyingi. Hata neno lao la tofali la udongo, "adobe", walilipata kwa Wahispania, na Wahispania walilipata kwa Waarabu.

Tulisali humo. Ndani palikuwa baridi na kimya, kama zilivyo nyumba za kale za mawe huko kwetu Mombasa. Baba aliupapasa ukuta, akalisifu tao, akamwombea rehema aliyejenga. Sisi tukaona wakati umefika. Tukamwambia, "Baba, waona kuwa Uislamu umekwisha kutia mizizi huku pia. Misikiti iko, Waislamu wako, na sisi tuko."

Akajibu, "Naona, mwanangu. Alhamdulillahi." Basi.

CHINI YA NYOTA YA JAA

Usiku ule tulikaa nje ya nyumba tuliyofikia. Mbingu za jangwani hazina vumbi wala taa za miji, na nyota zilikuwa nyingi mno. Baba alikuwa akitafuta kitu kaskazini, kisha akaelekeza fimbo yake. "Ile ndiyo Jaa," akasema. "Sijaiona tangu ujana wangu."

Twapasa kueleza kwamba baba yetu, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alifanya kazi katika majahazi yaendayo Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Jaa ndiyo nyota ya kaskazini, ambayo haihami mahali pake kama nyota nyingine, na mabaharia huishika kwa kuongozea njia. Mombasa haionekani, kwa kuwa mji wetu uko kusini ya mstari wa ikweta na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Kadiri mtu aendavyo kaskazini ndivyo ipandavyo.

"Tulipokuwa tukirudi kutoka Arabuni," baba akasema, "Jaa ilikuwa ikishuka kila usiku. Tukifika pwani ya Wasomali imekwisha kugusa maji. Ikifichika kabisa, tulijua kwetu kumekaribia, na wengine waliimba." Akanyamaza kidogo, akaitazama tena. "Hapa iko juu sana, mwanangu."

Tukafahamu. Hata hivyo tulisema yote tuliyokuwa tumeyaandaa: hospitali, dawa, wajukuu, chumba. Mama akatukata maneno kwa upole: "Karatasi zile tuliziona mezani tangu wiki ya kwanza. Tulikuwa tukingoja mtuulize."

Neno hilo lilituchoma kuliko jingine lolote, kwa sababu ni kweli hatukuwauliza. Tuliwaandalia kila kitu isipokuwa swali.

Baba akaendelea: "Hatukatai wema wenu. Lakini Mombasa nikichelewa kufika msikitini Alfajiri, watu wawili watakuja kunigongea mlango kujua nina nini. Nikifa, wataniosha watu wanaojua jina la babu yangu. Nimeliona kaburi la yule bwana. Sikuogopa jangwa wala upweke wa mahali pale. Niliogopa kuwa 'mtu wa mahali fulani'."

Hapakuwa na la kujibu. Tulisimama tukasali Isha, nyota ya Jaa ikiwa upande wetu wa kushoto kidogo. Kwani huko kibla huelekea kaskazini na kupinda mashariki. Na Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Baba alilisema hilo kwa furaha: kwamba katika dunia yote kubwa iliyotutenga, sote twaelekea mahali pamoja.

YALIYOTUKIA BAADAYE

Tulifika Houston salama siku ya nane. Pale pale tukafanya shauri sisi na dada yetu, na kwa simu na ndugu yetu mdogo aliye Dubai. Tukakubaliana kwamba wazee watarudi kwao, na kwamba sisi watatu tutakwenda Mombasa kwa zamu, ili usipite msimu pasipo mmoja wetu kuwa pamoja nao. Mtoto wa shangazi yetu akakubali kuhamia katika nyumba ile na mumewe. Desemba mwaka ule wazee wakapanda ndege.

Hatusemi kuwa jambo hili ni jepesi. Nauli ni nyingi, na likizo za kazi ni chache. Mmoja wetu aliuza gari lake la pili, na mwingine alichukua likizo isiyo na mshahara. Ziko siku simu hulia usiku tukaruka kwa hofu. Lakini baba yetu, tunapoandika haya, yu hai, naye kila jioni hukaa barazani, na huwasimulia wenziwe habari za Haji Ali, na kila akimaliza humwombea dua. Kwa hiyo lile swali la mtoto wetu limepata jibu.

MAWAIDHA KWA VIJANA NA WENYE WATOTO

Kwanza, msafirini na wazee wenu wakiwa hai, hata kama ni safari fupi ya kwenda mji wa pili. Mtayajua kwao mambo ambayo simu haielezi. Nendeni kwa mwendo wao: simameni kila baada ya saa mbili ili wanyoshe miguu, maji na dawa zao ziwe karibu, na dawa zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Pili, chungeni pumzi zenu. Wazee husikia zaidi kuliko tunavyodhani, na watoto hujifunza zaidi kuliko tunavyowafundisha. Mtoto akiona namna unavyomsubiri babu yake avuke njia, amekwisha kujua namna atakavyokusubiri wewe.

Tatu, ulizeni. Wako wazazi ambao wapenda kukaa na watoto wao ng'ambo, na kuwazuia hao ni dhulma. Na wako wapendao kubaki kwao, na kuwalazimisha hao ni dhulma pia, ijapokuwa imevishwa nguo ya mapenzi. Sisi tulikuwa karibu kuwafanyia wazee wetu dhulma hiyo huku tukijihesabu kuwa wema. Kumtendea mzazi wema maana yake ni kumfikisha anakotaka yeye kufika, maadamu hapana maasi ndani yake; si kumfikisha tunakotaka sisi ili roho zetu zitulie.

Nne, wasimulieni watoto wenu mji mlikotoka, mtaa, na majina ya wazee waliotangulia, ili watakapoulizwa wasijibu kuwa ni watu wa mahali fulani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu walio hai afya na mwisho mwema, awarehemu waliotangulia, walio makwao na walio ugenini, wanaojulikana makaburi yao na wasiojulikana, na atujaalie sisi kuwa watoto wenye kuuliza kabla ya kuamua. Amin.